Obedi Amesema Msubirini

Luhaga hakuwa mwongo. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye halitaaminika. Alikuwa msimamizi wa barafu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, ufukweni mwa ziwa, na katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Barafu ikipungua alisema imepungua, ikiharibika alisema imeharibika. Tatizo lake lilikuwa moja tu, na watu wa kwao Buhongwa walilijua tangu akiwa kijana anachunga ng'ombe: alipenda kuonekana. Akinunua kofia, kofia lazima ipitishwe kwenye kila kijiwe. Akishona suruali, mchana kutwa atapata sababu ya kusimama.

Miaka ile mji ulikuwa umefunguka. Vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa foleni na kwa kujuana sasa vilijaa madukani: redio, saa, vitenge vya kila rangi, na mwishoni kabisa mwa miaka ya tisini zikaja simu za mkononi. Kampuni moja ilifungua duka Nyamagana, katikati ya mji, duka la vioo na feni, wafanyakazi wamevaa tai. Luhaga aliingia humo akiwa ametoka kupokea mshahara, akatoka na simu nyembamba nyeusi yenye kifuko cha ngozi cha kuvaa kiunoni.

Binti wa dukani hakumficha kitu. Tena alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu dozi ya dawa.

"Baba, bei hii ni ndogo kwa sababu kampuni imebeba sehemu kubwa ya gharama. Wewe utakuwa unatulipa kidogokidogo kila mwezi, miaka miwili. Na simu yenyewe imefungwa. Inakubali laini yetu tu. Ukiweka laini ya kampuni nyingine, haifanyi kazi."

"Laini ya kampuni nyingine naitakia nini?"

"Sawa, baba. Halafu mnara wetu unafika hapa mjini na Mkuyuni. Huko Buhongwa bado."

Luhaga wakati huo alikuwa anajitazama kwenye kioo cha mlango, anageuza kiuno huku na huku aone kifuko kinavyokaa. Akajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kilichosemwa, akatia sahihi.

Rafiki yake Jovinary, Mhaya aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli Mkuyuni, alinunua simu mwezi huohuo. Lakini yeye hakwenda kwenye duka la vioo. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, akanunua simu nene iliyokwisha kutumika, antena yake imepinda, kwa bei iliyomfanya Luhaga acheke mpaka akashika mbavu.

"Wewe si Mhaya wewe," Luhaga alimwambia. "Wahaya wanapenda vitu vya kung'aa. Hilo tofali umelipia bei ya mtamba mzima, na mimi nimepata hii kwa bei ya mbuzi!"

"Tofali langu halina bwana," Jovinary akamjibu. "Naweka laini ninayotaka. Hiyo yako imeolewa, haiwezi kulala nje."

Watu wakacheka, na Luhaga naye akacheka. Alikuwa na simu nzuri kuliko zote barabara nzima ya Shinyanga, maneno ya wenye wivu yangemfanya nini? Mchana alipiga akiwa kiwandani, jioni aliirudisha Buhongwa ikiwa kimya kiunoni. Alipoulizwa alisema mnara unakuja.

Na kweli mnara ukaja. Ila haukuwa wa kampuni yake. Kampuni nyingine ndiyo iliyosimamisha chuma chake juu ya mawe ya kilima cha karibu, na Jovinary alipokuja Buhongwa kusalimia alitoa laini ya zamani, akaweka mpya, akapiga simu Bukoba kwa dada yake mbele ya watu, huku anakula muhogo. Luhaga alikuwa ameshatangaza kila kona: "Siku mnara ukisimama, nitapiga nikiwa kitandani." Kesho yake akanunua laini ile kwa siri, akajifungia chumbani, akaichomeka. Simu ikaandika kwa Kiingereza kwamba laini hiyo haikubaliki. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Simu ikaandika yaleyale.

Hapo ndipo mtu mwingine angetoka nje na kusema, "Jamani, simu yangu imefungwa, kicheko chenu hiki hapa." Watu wangecheka jioni moja, basi. Luhaga hakuweza. Alipotoka chumbani mke wake, Selina, alimuuliza kama imekubali, naye akajibu, "Imekubali." Kuanzia siku hiyo akipita bombani walipokusanyika wanawake, aliweka simu sikioni na kusema "haloo, ndiyo, nakusikia" kwa sauti, kisha akairudisha kwenye kifuko. Alijisikia mjinga kila alipofanya hivyo, na bado alifanya.

Ijumaa moja mchana Mzee Ndalahwa alifariki. Huyu ndiye aliyempa Luhaga kiwanja alichojengea, bila kumdai kitu, kwa sababu Luhaga alikua pamoja na mtoto wake wa kwanza, Obedi, wakilala kitanda kimoja na kuchapwa kwa kosa moja. Obedi sasa alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na kwenye ukoo ule baba hafukiwi kaburini kabla mtoto wa kwanza hajatia udongo wa mwanzo na kumuaga kwa maneno. Obedi lazima apate habari upesi.

Luhaga alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, yuko uani kwake ananawa uso, alipomwona Rebeka, binti wa marehemu, anakuja anakimbia. Nyuma yake alikuja Mzee Luhende, mdogo wake marehemu, na nyuma yao nusu ya majirani.

"Kaka Luhaga," Rebeka alisema, "baba ametuacha. Tusaidie, mpigie kaka. Namba ya ofisini kwake ninayo kichwani."

Sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi: "Yangu haishiki huku, twendeni kwa Jovinary." Mkuyuni si mbali, na jua lilikuwa bado liko juu. Luhaga aliisikia sentensi hiyo ikija mpaka kwenye ulimi. Kisha akatazama macho ya watu wote wale, yote yako kiunoni mwake, akafungua kifuko.

Alijiambia kwamba kesho asubuhi, akifika mjini tu, atapiga simu ya kweli. Leo au kesho asubuhi, tofauti iko wapi? Rebeka akataja namba, yeye akabonyeza. Akasogea hatua chache, akaweka simu sikioni.

"Haloo? Naomba kuongea na Obedi... Obedi! Luhaga hapa, nyumbani. Ndugu yangu, jikaze. Kaa chini kwanza. Mzee ametutoka."

Alipolitamka hilo alimwona akilini mzee yule akimwonyesha mipaka ya kiwanja kwa fimbo, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. Ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Nani angemtilia shaka mtu anayelia?

"Anasemaje?" Mzee Luhende akauliza.

"Analia."

"Atakuja?"

"Anakuja."

"Muulize, tumsubiri au tuzike?"

Luhaga alisimama na kile kitu kimya sikioni. Mtoto gani atasema baba yake azikwe bila yeye? Hakuna.

"Anasema msubirini," akasema.

Wazee wakakaa kushauriana. Wengine walitaka mwili upelekwe mochwari mjini, wengine wakasema mzee amefia kwake, atatokea kwake. Luhaga, ambaye moyo ulikuwa tayari unamchoma na alitaka kufanya jambo lolote jema, akanyanyuka na kusema, "Barafu ipo. Nitaomba kiwandani." Kwa hiyo ikaamuliwa mzee akae nyumbani.

Jumamosi asubuhi aliteremka Mkuyuni, simu ikaamka, akapiga kabla hajafika kiwandani. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu, na hakuna aliyejua Obedi amepanga mtaa gani. Akafikiria kupeleka telegramu, lakini telegramu itapelekwa kwenye mlango huohuo uliofungwa. Bado angeweza kurudi Buhongwa na kusema. Badala yake aliomba ruhusa kwa meneja, akajaza madeli mawili ya barafu, ileile wanayofukia sangara, akapanda nazo gari la kiwanda.

Wanawake waliipokea, wakaifunga kwenye mifuko na kuipanga pembeni mwa mwili. Mama Bernadeta, mjane, alimwita akae karibu naye kwenye mkeka. Luhaga akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mungu akulipe. Bila wewe Obedi asingemkuta baba yake." Akamshika mkono, mkono uliokuwa bado wa baridi kwa kubeba madeli. "Hebu niambie, alisemaje? Hakusema chochote kuhusu mimi?"

Toka asubuhi mama alikuwa amekataa kula. Uji ulikaa pembeni umeota utando.

"Alisema usikose kula, mama. Alisema ajue umekula."

Mama akainama kidogo, kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha uji. Alikunywa chote. Rebeka alimtazama Luhaga kwa shukrani, na Luhaga akatamani ardhi ipasuke immeze pale alipopiga goti.

Jumapili alileta barafu nyingine. Mchana watu walikuwa wengi, waliotoka kanisani na waliotoka mbali, na ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya wageni alikuwa anaisha. Mzee Luhende akamwita mbele ya wote.

"Luhaga, piga tena tujue huyu mtoto amefikia wapi. Barafu haimfai mtu milele."

Akapiga. Safari hii aliongea kidogo, mgongo ameupa umati. "Haloo, ofisi ya kina Obedi? ... Ahaa. ... Asanteni." Akageuka. "Wanasema aliondoka kwa treni ya jana."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Ila Jovinary, ambaye alikuwa amefika asubuhi hiyo kuhani, alimtazama Luhaga kwa muda, akainuka kwenye benchi, akamshika kiwiko kama mtu anayetaka kuonyeshwa choo. Wakazunguka nyuma ya zizi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Si umesikia? Watu wa ofisini."

"Leo Jumapili, Luhaga. Ofisi gani hiyo?"

Jovinary akanyoosha mkono, akachomoa simu ile nyembamba kwenye kifuko, akatazama kioo chake. Hata alama moja ya mtandao haikuwepo. Akairudisha polepole, na uso wake haukuwa na utani hata chembe.

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa," Luhaga akasema. "Jovi, nilitaka kupiga kesho yake. Wallahi nilitaka. Nilipiga, hawakupokea."

"Kwa hiyo Obedi hajui."

"Hajui."

"Yule mzee amelala kwenye barafu ya samaki, anamsubiri mtu ambaye hajui." Jovinary aliyasema hayo kwa sauti ya chini tu, lakini Luhaga alijikuta amechuchumaa, ameficha uso katikati ya magoti. Alilia kimyakimya. Jovinary hakumgusa. Alimwambia, "Kesho ofisi ikifunguliwa, piga. Kisha urudi useme mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi, na mimi sitaki kuyasema."

Jumatatu Luhaga alisimama nje ya duka la Jovinary, Mkuyuni, watu wanapita na mikungu ya ndizi na magunia ya dagaa. Simu ikaita. Ikapokelewa. Akaomba aitiwe Obedi, akasikia mtu anaitwa kwa mbali, kiti kinasukumwa, hatua zinakuja.

"Haloo! Nani?"

"Luhaga."

"Luhaga wewe!" Sauti ilikuwa ya kicheko, sauti ya mtu aliyekunywa chai yake vizuri. "Nimesikia una simu ya kiunoni siku hizi, ndugu yangu umekuwa mkubwa! Habari za nyumbani? Wazee wanaendeleaje? Mzee mguu wake umepona?"

Siku zile zote Luhaga alikuwa amemtungia Obedi maneno, na hakuna hata moja lililofanana na haya. Akamwambia. Kwanza kifo, na upande wa pili ikasikika sauti ambayo Luhaga hakuwahi kuifikiria wakati anaigiza, kama ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Kisha akamwambia lililobaki, kuanzia Ijumaa, bila kujipunguzia.

"Nilisema mnisubiri," Obedi akarudia taratibu. "Mimi."

"Ndiyo."

"Hata nikipanda treni leo, nafika Jumatano. Mtamweka mpaka Jumatano?"

"Hawezi, Obedi. Hata leo..." Mtu wa barafu alijua vizuri kuliko yeyote kwamba isingewezekana.

"Basi mzikeni. Mwambie baba mdogo nimesema mimi, mzikeni. Na useme yote uliyoniambia. Mama asikie kwako." Simu ikakatwa.

Hakwenda kiwandani. Alirudi Buhongwa mikono mitupu, na watu walipomwona hana madeli walifikiri Obedi amefika stesheni, wakaanza kunyanyuka. Alipita katikati yao mpaka mbele ya Mama Bernadeta na Mzee Luhende, akavua viatu, akapiga magoti yote mawili. Jovinary alikuwa amekuja nyuma yake, akasimama langoni. Luhaga alisema yote. Alieleza simu ilivyofungwa, alivyoambiwa na binti wa dukani, laini aliyoichomeka chumbani, na yale maneno aliyokuwa anayasema peke yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mzee Luhende akamwamuru aongeze ili walioko nje nao wasikie. Akaongeza. Selina alikuwa miongoni mwa wapishi. Alifunika uso kwa kitenge, akageukia ukuta.

Wapo vijana waliotaka kumpiga. Mzee Luhende aliwazuia kwa mkono.

"Obedi hakulia?" Mama Bernadeta akauliza.

"Amelia leo, mama. Ijumaa nililia mimi."

"Na lile la mimi kula?"

"Lilikuwa langu, mama."

Mama Bernadeta akatikisa kichwa, mara moja tu, kama anayekubali bei mbaya sokoni kwa kuwa hana jinsi.

Walizika mchana uleule. Hapakuwa na muda wa kungoja, na kila aliyebeba jeneza alisikia harufu, akajitahidi asionyeshe. Luhaga alisimama nyuma kabisa, karibu na mkonge wa mpakani, mahali ambapo angeweza kuona bila kuonekana. Yeye, ambaye maisha yake yote alitafuta pa mbele. Jeneza likateremshwa. Ukafika wakati wa mtoto wa kwanza, na watu wakatazamana. Mzee Luhende akapiga hatua atie udongo yeye kwa niaba ya Obedi.

"Subiri, shemeji," Mama Bernadeta akasema. "Siku zote hizi hapa nyumbani Obedi alikuwa Luhaga. Mwiteni."

Watu wakapisha njia. Ilikuwa njia fupi, na Luhaga aliona kila uso aliopita: wanawake wa bombani, wazee wa kijiweni, vijana wa kiwandani. Alifika ukingoni, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautia. Ukalia juu ya mbao. Akataka kurudi nyuma.

"Bado," mama akasema. "Muage. Mwambie baba yake Obedi maneno ya Obedi. Si ulikuwa unayajua?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mama anayemkumbusha mtoto jambo aliloacha nusu, na watu wote wakanyamaza ili wasikie. Luhaga alifungua mdomo. Alisimama pale mpaka udongo uliobaki mkononi ukageuka tope kwa jasho, mdomo uko wazi, na neno halikutoka. Mama Bernadeta alimsubiri. Alipoona hakuna kitu, alimwambia asogee, akainama yeye mwenyewe, na kumuaga mume wake.